Uhalisia wa mahali au kwanta: ulinganisho kwa anayetakiwa kuchagua upande

Mjadala wa fizikia ya kwanta (fizikia ya atomi na mwanga), uwe katika vyuo vya Chiromo, Kahawa au Juja nchini Kenya, huvurugika mapema kwa sababu moja: watu hudhani wanabishania jambo moja kumbe ni matatu. Kuna anayesema mwanga ni wimbi la kawaida la Maxwell na fotoni, yaani chembe za mwanga, ni porojo. Kuna anayekubali fotoni zipo, ila anashikilia kwamba kila moja hubeba majibu yake tangu ilipozaliwa, na kwamba kinachofanywa Juja hakiwezi kubadilisha kitu Chiromo papo hapo. Na kuna wa vitabuni, anayesema jibu halipo mpaka kipimo kifanyike.

Ushahidi unaomwangusha wa kwanza haumgusi hata kidogo wa pili. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na wa pili, mwenye uhalisia wa mahali. Yeye ndiye mpinzani wa maana.

Anadai nini hasa

Chukua jozi ya viatu vya soko la Gikomba, tia kimoja kwenye mfuko unaokwenda Kisumu na kingine kwenye mfuko unaokwenda Mombasa, bila kutazama. Atakayefungua Kisumu akakuta cha kushoto atajua papo hapo kwamba cha Mombasa ni cha kulia. Hakuna ujumbe uliosafiri. Mwaka 1935 Einstein, Podolsky na Rosen walitoa hoja kwamba chembe mbili zilizofungamana, yaani zilizozaliwa pamoja na majibu yao yakabaki na uhusiano hata zikiwa mbali, lazima ziwe na hali ya namna hii, na kama fomula za kwanta hazionyeshi kilichomo mfukoni, basi fomula hazijakamilika. Hoja haikuwa ya kijinga. Bohr aliijibu mwaka huohuo, na wengi waliosoma jibu lake hadi leo wanaliona gumu kulielewa kuliko swali.

Ukiifungua hoja hiyo, ndani yake mna madai matatu. Kwanza, majibu yapo kabla ya kupima. Pili, pembe ya kichujio (polaroidi inayopitisha mwanga unaotikisika kwa mwelekeo fulani) inayochaguliwa upande mmoja haiathiri jibu la upande wa pili. Tatu, uchaguzi wa pembe hauna uhusiano na kile chembe zilichobeba. Dai la tatu husahaulika karibu kila mara, na humo ndimo mtetezi wa kisasa hujificha.

Hesabu ya Bell kwa mistari michache

John Bell, mzaliwa wa Belfast aliyefanya kazi maabara ya CERN, Uswisi, alionyesha mwaka 1964 kwamba madai haya yana kikomo kinachohesabika. Toleo linalotumika maabara ni la mwaka 1969, la Clauser, Horne, Shimony na Holt. Chiromo wana pembe mbili za kuchagua, na majibu yake tuyaite A na A'. Juja wana zao, B na B'. Kila jibu ni +1 (fotoni imepita) au −1 (imekataliwa). Kwa kila jozi ya fotoni andika:

AB − AB' + A'B + A'B' = A(B − B') + A'(B + B')

Kama majibu yote manne yapo, B na B' ama zinalingana ama zinapingana. Zikilingana, mabano ya kwanza ni sifuri. Zikipingana, ya pili ni sifuri. Yanayobaki ni +2 au −2, basi. Wastani wa jozi nyingi, tunaouita S, hauwezi kuvuka 2. Hapa hakuna kwanta yoyote, ni hesabu ya shule ya msingi, na ndiyo sababu haina pa kuikwepa ila kwa kuacha mojawapo ya yale madai matatu.

Sasa weka pembe: Chiromo 0° na 45°, Juja 22.5° na 67.5°. Linganisha maelezo matatu (kanuni ya Malus husema mwanga unaopita hupungua kadiri pembe yake inavyoachana na ya kichujio):

| Maelezo | Majibu kulingana, pembe zikitofautiana 22.5° | S |
|---|---|---|
| Kila fotoni ina pembe yake, hupita kwa bahati kwa kanuni ya Malus | 67.7% | 1.414 |
| Kila fotoni ina jibu lililopangwa kabisa | 75% | 2 |
| Kwanta | 85.4% | 2.828 |

Mstari wa pili wa jedwali unahitaji kuangaliwa kwa karibu. Modeli yake ni rahisi: fotoni hubeba pembe fulani, hujibu + kama kichujio kiko ndani ya 45° kutoka pembe hiyo, la sivyo hujibu −. Vichujio vikiwa na pembe ileile, majibu yanalingana kila mara. Vikitofautiana 45°, yanalingana nusu ya wakati. Vikitofautiana 90°, hayalingani kamwe. Kwanta inasema vivyo hivyo kwa pembe hizo tatu! Anayepima 0°, 45° na 90° peke yake ataondoka akiamini uhalisia wa mahali umeshinda. Tofauti iko katikati, kubwa zaidi karibu na 22.5° na 67.5°, na ndiyo sababu pembe hizi zisizo na mvuto hurudiwarudiwa katika kila ripoti.

Mstari wa kwanza huanguka mapema zaidi. Hata pembe zikiwa sawa kabisa, modeli hiyo hutoa majibu yanayolingana 75% tu, ilhali maabara huona karibu 100%.

Wimbi la kawaida: linaweza zaidi ya linavyosifiwa, kisha linakwama

Kuna onyesho la vichujio vitatu vya polaroidi linalopendwa sana. Vichujio viwili vikiwekwa kwa 90° mwanga hauonekani. Ukiingiza cha tatu katikati kwa 45°, mwanga unarudi, robo ya ule uliopita kichujio cha kwanza. Watu huliuza kama muujiza wa kwanta. Siyo. Kanuni ya Malus na wimbi la Maxwell vinalieleza lote bila kuacha kitu. (Ukitaka kujua kama miwani ya jua uliyouziwa kwa bei ya polaroidi ni polaroidi kweli, izungushe mbele ya kioo cha kikokotoo cha shule: kioo kisipokuwa cheusi pembe yoyote, umeuziwa plastiki ya rangi.)

Jambo la pili litawashtua waliofanya mtihani wa sekondari wa Kenya, KCSE. Tukio la fotoelektriki, yaani mwanga kung'oa elektroni kwenye metali, linalofundishwa kidato cha 4 kama uthibitisho wa fotoni, halithibitishi fotoni peke yake. Lamb na Scully walionyesha mwaka 1969 kwamba ukiacha mwanga uwe wimbi la kawaida, na atomi peke yake ndiyo ifuate kwanta, bado unapata kizingiti cha masafa na mlinganyo wa Einstein. Kwenye mjadala, anayetegemea hoja hiyo peke yake huwa amejiweka pabaya.

Kinachoua wimbi la kawaida ni jaribio la Grangier, Roger na Aspect la mwaka 1986. Fotoni moja moja ilipelekwa kwenye kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu, na kila njia ikawa na kigunduzi. Wimbi likigawanyika, vigunduzi viwili lazima viwe vinalia pamoja angalau mara nyingi kama bahati tupu ingevyotaka, yaani uwiano wa 1 au zaidi. Wao walipata 0.18, kwa kosa la 0.06. Wimbi la kawaida haliwezi kushuka huko.

Lakini tazama: jaribio hili halimgusi mtetezi wa uhalisia wa mahali. Chembe iliyobeba agizo "pita kushoto" inalitimiza bila jasho. Wengi hutoa ushahidi huu dhidi yake na kushangaa kwa nini hatikisiki.

Matone ya mafuta yanayorukaruka juu ya sinia inayotikiswa, kazi ya Couder na wenzake Ufaransa kuanzia 2005, huletwa pia kama ushahidi kwamba kwanta ni ya kawaida kwa ndani. Video zake zinavutia kweli. Ila mwaka 2015 kikundi cha Denmark, akiwemo Tomas Bohr, mjukuu wa Niels, kilirudia jaribio la kupitisha matone kwenye nafasi mbili nyembamba na hakikuona ule mtindo wa mistari ambao kwanta hutoa. Na hata kama ungeonekana, matone yote yanatumia sinia moja. Hayakupimwa yakiwa mbali, na hakuna aliyepata kwayo S zaidi ya 2 bila mawasiliano.

Maabara zimesema nini, na mianya ilizibwa vipi

Freedman na Clauser walipima mwaka 1972 kwa atomi za kalsiamu, na kwanta ikashinda. Orsay, Ufaransa, Aspect na wenzake walifika S ya 2.697 mwaka 1982, kosa likiwa 0.015. Huko Innsbruck, Austria, mwaka 1998 vituo viliwekwa mita 400 mbalimbali, na S ikawa 2.73. Mtetezi wa uhalisia wa mahali bado alikuwa na mianya miwili mikubwa ya kukwepea, na haki ilikuwa yake kuitumia.

Wa kwanza ni mwanya wa mahali: pembe lazima ichaguliwe, na jibu liandikwe, kabla mwanga haujaweza kufika kutoka upande wa pili. Kwa kilomita 1.3 una mikrosekunde 4.3 tu, yaani sehemu 4.3 za milioni za sekunde. Hata ungetumia umbali wa Chiromo hadi Juja, kama kilomita 30, una moja ya kumi ya milisekunde. Mtu akirusha sarafu kwa mkono ameshachelewa.

Wa pili ni mwanya wa ugunduzi, na huu ndio unaowapiga wanaoanza. Ukikosa fotoni nyingi, unahesabu zile tu zilizogunduliwa pande zote mbili. Je, kama chembe zenyewe huchagua kujificha kulingana na pembe? Modeli ya mahali iliyoruhusiwa kutojibu inaweza kuiga 2.828 kikamilifu. Kuizuia kwa fotoni zilizofungamana kikamilifu kunahitaji ufanisi zaidi ya 82.8%. Eberhard alionyesha mwaka 1993 kwamba ukitumia fotoni zilizofungamana nusunusu, kizingiti kinashuka hadi 66.7%, na njia hiyo ndiyo iliyofuatwa baadaye kwa vigunduzi vinavyopitisha umeme bila ukinzani.

Mwaka 2015 mianya yote miwili ilizibwa kwa pamoja, mara tatu: Delft (Uholanzi), Vienna (Austria) na Boulder (Marekani). Delft walitumia elektroni ndani ya almasi, kilomita 1.3 mbalimbali, na waliambulia majaribio 245 tu, S ikiwa 2.42 kwa kosa la 0.20. Ukiitazama peke yake, ni takwimu nyembamba. Vienna na Boulder, kwa fotoni, walikuwa na data nyingi mno na hawakuacha shaka. Tuzo ya Nobel ya 2022 ilikwenda kwa Aspect, Clauser na Zeilinger.

Mtu akikuletea modeli yake kwenye kompyuta

Kila baada ya muda hutokea mtu mwenye programu ya mahali "inayovunja" kikomo cha Bell. Usibishane naye. Mpe masharti haya, yatamaliza kazi kwa mchana mmoja.

Programu ziwe tatu, kwenye faili tofauti, ikiwezekana kompyuta tofauti. Chanzo huandika orodha ya jozi 40,000, kila mstari ukiwa na chochote anachotaka chembe zibebe. Orodha ikishafungwa, pembe huchaguliwa kwa bahati nasibu. Programu ya Chiromo husoma orodha na pembe zake tu, ya Juja vivyo hivyo. Kila mstari lazima upate +1 au −1, hakuna nafasi tupu. Mwamuzi hukusanya na kukokotoa S. Kwa takriban jozi 10,000 kwa kila mchanganyiko wa pembe, S huyumba kama 0.02 kwa bahati, kwa hiyo 2.01 siyo ushindi.

Modeli hizi hufeli kwa njia zinazojirudia. Ya kawaida kuliko zote ni mistari inayotupwa: "fotoni hii haikugunduliwa". Ya pili ni ujanja wa saa: kila upande unachelewesha jibu kulingana na pembe, kisha mwamuzi anaoanisha yaliyokaribiana kwa muda, na kwa kufanya hivyo anachagua jozi bila kujua. Ya tatu ni ya aibu, fomula ina a − b (tofauti ya pembe za pande mbili) ndani yake, yaani programu ya Chiromo inaijua pembe ya Juja. Ya nne huwa si ya makusudi: chanzo na uchaguzi wa pembe vinatumia mbegu moja ya namba nasibu. Hapo mtu ameacha dai la tatu bila kukusudia.

Kwa klabu isiyotaka programu, kuna mchezo. Wachezaji wawili, vyumba viwili, mwamuzi anampa kila mmoja swali 0 au 1, naye anajibu 0 au 1. Wanashinda majibu yakifanana, isipokuwa wote wakiulizwa 1, ambapo lazima yatofautiane. Kila mchezaji ana mikakati minne tu: sema 0 daima, sema 1 daima, rudia swali, geuza swali. Michanganyiko ni 16. Iandike yote ubaoni. Hakuna inayozidi ushindi wa maswali 3 kati ya 4. Wenye fotoni zilizofungamana hufika 85.4%. Raundi 100 hazitoshi kutenganisha 75% na 85%. Cheza 1,000.

Ukikubali data, uache dai gani?

Hapa ndipo uchaguzi halisi ulipo, na hapa ndipo watu husema, bila kujua ni uongo, kwamba "Bell alithibitisha hakuna vigeu fiche", yaani mali zilizofichika ambazo chembe hubeba. Bell mwenyewe alikuwa shabiki wa nadharia yenye vigeu fiche.

Nadharia hiyo ni ya de Broglie na Bohm, iliyoandikwa upya 1952. Chembe zina mahali halisi wakati wote, wimbi linaziongoza, kila jaribio lina jibu moja. Kinachoachwa ni dai la pili: wimbi la chembe mbili linaunganisha Chiromo na Juja papo hapo. Huwezi kutuma ujumbe kwa njia hiyo, lakini nadharia inahitaji saa moja ya ulimwengu kwa siri, jambo linalokwaruzana na nadharia ya uhusianifu ya Einstein. Kwa mtu anayetaka chembe zilizo mahali fulani hata asipotazama, hii ndiyo tunayoishauri. Afahamu tu kwamba spini (kama mzunguko wa ndani wa chembe) na polarizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga) ndani yake si mali ya chembe. Hutokana na chembe na kifaa kwa pamoja.

Everett, 1957, anahifadhi mahali na kuacha jibu moja. Milinganyo haiguswi, matokeo yote hutokea, kila moja kwenye tawi lake. Ni safi kihesabu. Tatizo lake halijapona: kama yote yanatokea, 85.4% ni uwezekano wa nini?

Copenhagen, yaani msimamo wa yule wa vitabuni, na jamaa zake huacha dai la kwanza. Hakuna jibu kabla ya kipimo. Gharama ni kwamba haielezi kipimo kinaanzia wapi. Kwa kazi ya kila siku haina mpinzani, kwani ndiyo lugha ya mitihani na ya kompyuta za kwanta.

Ghirardi, Rimini na Weber, 1986, ni wa aina nyingine: wanabadilisha mlinganyo wenyewe ili vitu vikubwa vijikusanye mahali pamoja. Nadharia yao inaweza kupimwa na kukataliwa, heshima ambayo nyingine hazina.

Na dai la tatu? Kuliacha kunaitwa udeterministi mkuu, na Gerard 't Hooft ni mmoja wa watetezi wake. Pembe na fotoni vimepangwa pamoja tangu zamani. Mwaka 2018 pembe zilichaguliwa kwa mwanga wa kwaza (viini ving'aavyo sana vya galaksi za mbali) ulioanza safari miaka bilioni 7.8 na bilioni 12.2 iliyopita, na kikomo kilivunjwa vilevile. Mpango huo, kama upo, ulipangwa kabla ya Dunia kuwepo. Haiwezekani kuukanusha kabisa, na hilo ndilo linalotusumbua: hoja hiyohiyo ingeweza kufuta jaribio lolote la dawa, kwa kudai wagonjwa na vidonge vilipangiana.

Kwa hiyo nani achukue nini

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza atumie lugha ya vitabuni na aisome ya Bohm kando, kwa sababu itamwonyesha ni maneno gani ya kitabu ni fizikia na yapi ni mazoea. Anayeingia usimbaji wa siri kwa kwanta hana anasa ya kuchagua: mbinu ya Ekert ya 1991 hupima S yenyewe, na S ikishuka hadi 2 au chini, laini ya mawasiliano haiaminiki tena.

Klabu inayotaka kujenga jaribio lake ihitaji leza ya nanomita 405, fuwele mbili za BBO (zinazogawa fotoni moja kuwa jozi) zilizobandikwa kwa 90°, vichujio vya rangi vya nanomita 810, polaroidi mbili zinazozunguka, na vigunduzi viwili vya fotoni moja moja, ambavyo ndivyo vitakavyokula bajeti. Ukipata S karibu na 2.3 umefanya vizuri. Pacha wa bahati, yaani fotoni mbili zisizo za jozi moja zinazofika kwa wakati mmoja, ndio hushusha namba: vigunduzi vikihesabu 80,000 kwa sekunde kila kimoja na dirisha la muda likiwa nanosekunde 10, pacha wa uongo ni 80,000 × 80,000 × nanosekunde 10, yaani 64 kila sekunde. Watoe kabla ya kukokotoa, au punguza dirisha. Na ripoti iseme wazi kwamba mwanya wa ugunduzi haujazibwa, maana kwa vifaa hivi hauzibiki.

Anayepangiwa kutetea uhalisia wa mahali kwenye mdahalo asiishambulie data, atachekwa. Aache pia matone ya mafuta na fotoelektriki. Ngome yake ni dai la tatu tu, na ajiandae kwa swali la dawa na wagonjwa. Akiulizwa nadharia yake inatabiri S ngapi kwa pembe zile, ajibu 2.828 bila kusita, kwa sababu nadharia ya upande wake isiyotoa namba hiyo imeshakufa tangu 1982.